Jiko la Mama Mkubwa Losi

Nilizaliwa kisiwani Savai'i, nikapelekwa ng'ambo, Auckland, nikiwa mdogo, mama alipokwisha kuzikwa. Nimerudi mtu mzima, na mkeka mpya kwapani na ombi moja: nionyeshwe kaburi lake.

"Lilikwenda na maji," alisema mama mkubwa Losi, dada yake mama. "Kimbunga kilichobomoa nyumba kilizoa na makaburi."

"La babu mbona lipo?"

"Babu yako alikuwa mzito."

Mwanawe, Semisi, akacheka. "Dada, umekuja na mkeka tu, au na kamba ya kupimia kiwanja?"

Kwetu wafu huzikwa mbele ya nyumba, na mtoto wa aliyelala pale haombi ardhi, anayo. Hilo ndilo lililowanyima usingizi. Nikaapa chakula kikiwa mkononi kwamba sitaki hata shimo la kupandia gimbi. Losi akaniongezea tui.

Jumapili asubuhi nikaenda kusaidia jikoni, uani. Mawe ya kuokea chakula yamewaka, moshi unatutoa machozi, tunagongana viwiko. Lakini kona moja ilikuwa tupu. Losi aliizunguka na kapu lake la magimbi. Semisi aliizunguka na mzigo wa kuni begani. Kuku alipotua pale, Losi alimwondoa taratibu, kama mtu anayefukuza nzi usoni pa mgonjwa.

Nikatazama nje. Mshelisheli niliokuwa nikicheza chini yake, mbele ya mlango wetu, sasa ulikuwa huku uani. Walipojenga upya waliigeuza nyumba ielekee barabarani.

"Mama mkubwa, mnapika juu ya mama yangu?"

Hakugeuka. "Jiko lilibidi likae mahali."

"Na kona hii mnaikwepa ya nini?"

"Ni mdogo wangu. Nitamkanyagaje?" Akasukuma ukuni motoni. "Apa mbele ya mchungaji kwamba wewe na wanao hamna chenu hapa. Kesho jiko linahama."

Maneno hayo ningeyasema bure siku niliyofika. Nikakunjua mkeka, nikautandika kwenye kona ile, nikakaa, kama kila mtu kijijini anavyokaa juu ya kaburi la mamaye akipunga upepo.

"Dada, inuka, chakula kinaungua," alisema Semisi.

"Kiungue."

"Sasa unataka nini?"

"Nilitaka kaburi," nikamwambia. "Sasa nataka na kiwanja."