Uso wa Shemeji Gunure

Katika bonde letu la Asaro nimefinyanga vinyago vya udongo vya kuvaa kichwani miaka thelathini, na sijaona wa kunifikia. Lakini Dokas, mpiga picha wa mjini Goroka, alipokuja kupiga picha zake za ajabu, hakumtaka mwingine ila Gunure, kaka wa mke wangu. Alimketisha amevaa kinyago chake kwenye benchi la zahanati, kati ya akina mama wenye watoto, kama mgonjwa anayesubiri zamu.

"Huyu hatikisiki," akasema. "Anatisha bila kufanya lolote."

"Hata mimi sitikisiki."

Mke wangu Sinake akaangua kicheko. "Wewe, baba watoto? Ukikaa kidogo tu, unatafuta nani anakutazama!"

Wiki nzima maneno hayo yalinikaa kooni.

Siku ya picha ya mwisho Gunure alikuwa msibani ng'ambo ya mto, na Dokas, asiyejua hilo, alikuwa anautaka uso uleule. Kwetu mwanamume huvaa kinyago alichofinyanga kwa mikono yake. Kuvaa cha mwenzako ni sawa na kuingia nyumbani kwake akiwa hayupo. Nilijua hayo yote. Nikajipaka tope jeupe, nikavaa vidole virefu vya mianzi juu ya vyangu, nikakitwaa kinyago cha Gunure.

Kilikuwa kizito kuliko changu, na ndani kilinuka jasho lake. Pale kwenye benchi la zahanati, mtoto wa kushoto akalia. Nzi akatembea gotini. Sikutikisika.

"Vizuri sana, Gunure," Dokas akanong'ona.

Miezi mitatu baadaye picha hiyo ya mwisho ikaja, kubwa kama mlango, ikatundikwa ukumbini pa shule. Watu walikuwa wanakula nguruwe na viazi vilivyookwa shimoni kwa mawe ya moto, wakaacha kutafuna.

"Huyo Gunure au mzimu?"

"Nitalalaje leo, jamani!"

Sinake alifuta machozi. "Kaka yangu huyo. Nani mwingine angekaa hivyo?"

Gunure akatikisa kichwa. "Si mimi. Siku ile nilikuwa nazika."

"Acha kujishusha, bwana!" Wakampigapiga mgongoni, wakamwongezea nyama.

Ningenyamaza, hakuna ambaye angejua. Lakini ile nyama ilikuwa yangu.

"Ni mimi," nikasema.

Gunure akanigeukia. "Kwa hiyo ulivaa uso wangu, shemeji?"

"Niliuvaa."

Nilingoja anipige. Nilitaka anipige. Yeye akaisogelea picha, akayakagua mabega na magoti, akachukua muda wake.

"Umekaa vizuri," akasema. "Umekaa kama mimi kabisa."

Dokas alikuwa na kalamu mkononi, tayari kuandika jina chini ya picha. Hakunitazama mimi. Alimtazama Gunure, na watu wote wakamtazama Gunure.

"Niandike la nani?"

"Andika lake," akasema Gunure. "Nimempa."

Sinake akamshika kaka yake mkono kwa fahari. Dokas akaliandika jina langu, herufi kubwa, bila kosa hata moja. Watu wakapiga makofi, na nilijua wanampigia nani.

Miaka yote ya ushemeji wetu, sikuwahi kumchukia Gunure kama siku ile.