Kuku wa Alasiri

Mama yangu, Bi Mina, hasikii tena adhana. Binti yangu Yasmini ndiye aliyekuwa akimgusa bega wakati wa swala ukiingia, lakini ameolewa, nami mchana napika shuleni hapa Mapinga. Mara tatu mama aliswali Alasiri kabla ya wakati, akairudia akilia. Mdogo wangu Sufiani akasema Jumamosi anakuja kumchukua akaishi kwake Miono. Mama hakutaka.

Nilikuwa nasoma kompyuta jioni, nina miaka hamsini na mmoja. Nikachukua saa ya kuchezea ya Yasmini, ya plastiki, ina picha ya kuku. Mwalimu Tarcis akanisaidia kuweka ndani kibao kidogo kinachoshika intaneti, na taa nyekundu kwenye jicho la kuku. Nyakati za swala nazituma kwa simu.

Jumamosi Sufiani alifika mapema.

"Shikamoo, dada. Mdoli ndio utakaomwita mama kuswali?"

"Marahaba. Subiri Alasiri utaona."

Tukaketi kunywa chai. Saa nne kasorobo asubuhi jicho likawaka. Mama akaitazama taa, akalitazama jua mlangoni.

"Ashura, kuku wako anaita Alasiri tukiwa na chai ya asubuhi mkononi?"

Sufiani alicheka mpaka akapaliwa. "Mama, vaa baibui twende."

Nilisema bismillahi, nikafungua simu. Nilikuwa nimenakili karatasi ya msikitini kama ilivyo: Alasiri 9:45. Sisi tunahesabu saa tangu asubuhi; kibao kinahesabu tangu usiku wa manane. Nikaandika 15:45, nikarekebisha na swala nyingine nne.

"Kaa mpaka saa kumi kasorobo," nilimwambia Sufiani. "Jicho lisipowaka, mchukue."

"Nakaa kwa ajili ya pweza unayempika tu."

Tulikula, tukangoja. Niliomba kimya, nikijua kwamba simdai Mungu chochote.

Saa kumi kasorobo jicho likawaka, na papo hapo adhana ikaanza. Mama hakunitazama mimi. Alimtazama Sufiani, ambaye hakuwa upande wangu. Sufiani akaelekeza kidole msikitini, akatikisa kichwa kukubali.

Mama akanyanyuka kwenda kutia udhu.

"Swali kwanza, mwanangu," alimwambia, "kisha uwahi gari. Wasalimie wa Miono."