Lebo ya Gauni la Harusi

Tangu utotoni Wanza hakuwa na amani na nguo. Lebo ya shingoni, au uzi mdogo uliojitokeza kwenye mshono, kwake ilikuwa kama siafu anayetembea mwilini. Pale nyumbani Kaloleni kila mtu alijua. Soksi alizivaa ndani nje, na sweta jipya halikumpita kichwani kabla mama yake, Kavutha, hajalitoa lebo. Siku ya kipaimara walimvisha blauzi yenye kola ya lesi. Askofu alihubiri, watu wakalia, naye Wanza hakusikia neno hata moja. Alisikia kola tu.

Kwa hiyo alipochumbiwa na Andati mwaka wa tisini na nne, aliapa moyoni kwamba harusi yake ataisikia yote.

Gauni lilikodiwa kwa Mama Nzivo, Buruburu, aliyekuwa akikodisha magauni ya harusi sebuleni kwake. Lilikuwa zuri kweli. Lakini zipu haijafika juu, Wanza alishaanza kujikunyata. Lebo ilikuwa pana, ngumu, imeshonwa kwa uzi wa nailoni. Lesi ya mikono ilimkwaruza kwapani, na ule wavu wa kufurisha sketi ukawa unamchoma mapaja.

"Umependeza," akasema shangazi Kamene, dada ya baba yake, aliyekuwa amewasindikiza.

"Linaniwasha, shangazi."

"Harusi ni siku moja. Sisi sote tulivumilia. Wakwe zako watatoka mbali kuja kukuona, halafu wakukute unajikuna kama kuku?"

"Ndiyo maana sitaki liniwashe."

Akamgeukia Mama Nzivo, akamwomba aitoe lebo.

"Makasi hayagusi gauni langu," Mama Nzivo akajibu. "Lebo hiyo ndiyo wateja wanaiangalia kwanza, wajue nguo imetoka ng'ambo."

Wanza akaipapasa lebo shingoni. Akawaza kidogo. "Na sindano je? Nikishona kitambaa ndani, kisha nikifumue kabla ya kulirudisha?"

Mama Nzivo akamkagua kutoka juu hadi chini, kama mtu anayepima kama ataaminika. "Likirudi na tundu, umelinunua."

Wanza akaomba ruhusa kazini, alikokuwa akipiga chapa, akakaa mlangoni kwao, penye mwanga, na gauni mapajani. Kwanza alijaribu kitambaa kipya cha pamba cha dukani. Kilikuwa na wanga, kikakakamaa shingoni kama karatasi, kikawa kibaya kuliko lebo yenyewe. Akakifumua chote. Kavutha akaingia chumbani, akarudi na shuka kuukuu ya kitandani, iliyofuliwa miaka mingi hadi ikalainika kama sikio la mtoto mchanga.

"Kata hii," akasema.

Wakaikata. Kipande kimoja kikafunika lebo, viwili vikaingia kwapani, na shuka iliyobaki ikawa gaguro la kuvaliwa chini ya ule wavu. Shangazi Kamene alikuja kuwatazama, akaguna, akaketi, akaguna tena.

"Mishono gani hiyo, kama ya gunia? Lete hapa."

Akashona hadi chai ikapoa, huku akilalamika kwamba wasichana wa siku hizi wana mengi. Mishono yake ilikuwa midogo, huwezi kuiona. Wanza akalivaa. Akaketi, akapiga magoti, akainua mikono kama anayeanika nguo kwenye kamba. Kimya. Mwili wake ulikuwa umetulia.

Jumamosi alitembea kanisani akiwa mwepesi. Alisikia kinanda, akasikia mzee mmoja akikohoa nyuma, akasikia hata viatu vya Andati vikilia vilipogusa sakafu. Ila asubuhi ile shangazi alikuwa amemvisha glavu, zawadi ya ghafla, na mbele ya madhabahu mishono ya vidoleni ikaanza kuuma. Kasisi alikuwa akisoma, na sauti yake ikaanza kwenda mbali, mbali zaidi, kama redio ya jirani.

Wanza akaivua ya kwanza. Akaivua ya pili. Akageuka, akapiga hatua hadi benchi la mbele, akaziweka mapajani mwa shangazi Kamene. Watu wakanong'ona. Kasisi akanyamaza na kitabu mkononi.

"Samahani, Padre," Wanza akasema, amerudi mahali pake. "Tafadhali anzia pale pa kupendana. Hapo sikusikia vizuri."

Kasisi akarudi nyuma ukurasa mmoja, akasoma upya. Wanza akajibu kila swali kwa sauti iliyofika mlangoni.

Walipotoka nje, jua likiwa kali na akina mama wakipiga vigelegele, Andati akamwinamia. "Ulipogeuka vile nilidhani umebadili nia."

"Nilitaka kukusikia ukiapa."

"Na ulisikia?"

"Ulikwama kwenye jina langu."

Andati akacheka, akaushika mkono wake mtupu, uliokuwa bado na alama nyekundu vidoleni, wakashuka ngazi. Nyuma yao shangazi Kamene alikuwa akizisukumiza glavu mkobani, akimwambia kila aliyemuuliza kwamba ndiye aliyelishona lile gauni kwa ndani.