Mkunjo wa Kando ya Sikio

Miaka mitano nimekaa kwenye maabara hii ya Chennai nikikunja bongo za watoto ambao hawajazaliwa. Za kwenye kompyuta, usiogope. Ubongo wa mtoto tumboni huanza ukiwa laini. Gamba la nje hukua haraka kuliko nyama ya ndani, likakosa nafasi, likajikunja kama sari iliyosokomezwa kwenye mkoba mdogo. Mimi niliipa kompyuta ukuaji tu, nikaiacha ikunje yenyewe. Mikunjo mikubwa ikatokea yote ilipotakiwa, isipokuwa mmoja wa kando ya sikio, ambao kila mara ulijitokeza mbele ya mahali pake.

Profesa Sethuraman, msimamizi wangu, akaniambia nichore kibonyeo kidogo pale tangu mwanzo, mkunjo utafuata. Nikamjibu kwamba huko ni kumnong'oneza mwanafunzi jibu kisha kumsifu kwa kufaulu. Akasema bila kibonyeo hasaini tasnifu yangu, na bila saini yake sina shahada. Nilikasirika sana.

Ponnarasi, tunayekaa naye meza moja, alinisihi nichore yaishe.

"Kashimo tu hako, shoga. Nani atakaona?"

"Mimi nitakaona."

Wiki nzima sikumbishia tena, na Profesa akadhani nimenywea. Ikafika Ayudha Puja, sikukuu yetu ya Wahindu ya kuheshimu vifaa vya kazi. Tukazima kompyuta, tukazipaka liwa, tukapanga vitabu mbele ya Saraswati, mungu wa elimu. Hapo hakiguswi kitu hadi kesho yake. Nami nikaiweka pale tasnifu yangu chini ya maua, isiyo na kibonyeo chochote.

Asubuhi yake kila mtu huchukua maandishi pale na kusoma kwa sauti, na mkubwa ndiye huanza. Nikaitoa yangu chini ya maua, nikaifungua ukurasa wa matokeo, nikampa Profesa kwa mikono miwili mbele ya wote. Kilichotoka miguuni pa Saraswati hakikataliwi. Akavaa miwani, akasoma:

"Mkunjo wa kando ya sikio haukutokea mahali pake. Ukuaji peke yake hautoshi, na kinachokosekana hatukijui."

Akanitazama.

"Yazhini, mwanangu, unajua ulichofanya?"

"Najua, Profesa. Na kalamu hii hapa."

Hakuipokea. Basi asisaini, shahada nitaitafuta kwingine. Ukweli ameshausoma kwa mdomo wake mwenyewe, na watu ishirini na wawili wamemsikia.