Kibali cha Mwalimu Esnath

Mwalimu Esnath alitoka Karonga, ng'ambo ya Mto Songwe, akaja kufundisha Kiingereza katika shule binafsi hapa Tukuyu. Karonga iko Malawi, lakini hilo halikumkaa kichwani Mzee Asajile, mwenyekiti wa kitongoji. Yeye alimsikia akiongea lugha ya hapa nyumbani, akasikia jina la ukoo linaloanza na Mwa, kama la nusu ya watu wa wilaya yetu ya Rungwe, akaridhika.

Kibali cha Esnath kilikuwa kinaisha Ijumaa. Asipopata kingine, afungashe. Uhamiaji walitaka barua ya mwenyekiti ithibitishe kwamba raia huyu wa Malawi anaishi katika kitongoji chake cha Bulyaga.

"Raia wa wapi?" Mzee Asajile aliuliza.

"Malawi, baba."

"Gwe mwanangu, babu zako na babu zangu walinywesha ng'ombe mto mmoja. Nikuandike mtu wa nje, nitamtazama nani usoni?"

Akaandika kwamba Esnath ni mzaliwa wa Bulyaga, akagonga muhuri mara mbili kwa upendo, akaifunga bahasha kwa gundi. Kisha akamsindikiza Uhamiaji, asije akasumbuliwa.

Afisa aliisoma barua. Akafungua pasipoti ya Malawi, akaisoma nayo.

"Mwalimu, kimoja hapa si kweli. Kama ni barua, mzee ataandika nyingine. Kama ni pasipoti, tutaonana mahakamani."

Mzee Asajile alikuwa ameketi pembeni, kofia magotini, anasubiri kusikia binti yake akisema ukweli.

"Mimi si wa hapa," Esnath alisema. Roho ilimuuma, lakini akamalizia. "Sikuzaliwa hapa, wala baba yangu."

Mzee akaandika barua nyingine palepale, kwa mwandiko mzuri kuliko wa kwanza. Kibali kikatoka, cha miaka miwili.

Mwezi uliofuata, bibi mmoja wa jirani alifariki. Esnath akajifunga kanga, akabeba mkungu wa ndizi, akaingia jikoni kumenya na wenzake. Mke wa Mzee Asajile akampokea kisu kwa mikono miwili, kwa adabu zote, akampeleka kwenye viti vya plastiki walikokaa waliotoka mbali. Akaletewa sahani kabla ya watu wote, nyama imejaa.

Esnath alilia mpaka kanga ikalowa. Wafiwa walimshukuru sana.