Mtani wa Mwanahawa

Mwanahawa alikuwa mtandika vitanda katika hoteli ile ya kifahari iliyobandikwa ubavuni mwa Milima ya Uluguru, ambako mgeni huletewa maji ya chupa kwenye sinia huku kijito kikipita chini ya dirisha lake. Wiki hiyo walikuja watu wa filamu kutoka Dar, kuigiza kichekesho cha kuwasuta matajiri. Mwongozaji wao, Evance, alijiita mtetezi wa wanyonge. Aliposikia dada huyu ni Mluguru, akamchangamkia: "Mimi Mnyamwezi, mtani wako!"

Asubuhi moja simu ikaja kutoka kijijini kwao Mkuyuni: mama amefariki, anazikwa baada ya alasiri. Meneja akasema hoteli imejaa, akiondoka asirudi. Mwanahawa akamkimbilia Evance, ambaye meneja alimnyenyekea, tena mwenye magari.

"Mtani, nimefiwa na mama."

"Ajuza kachoka kula ndizi zenu!" Evance akacheka.

Moyo wa Mwanahawa ukatulia. Kwao, mtani anayekudhihaki msibani ndiye huyohuyo anayekuchimbia kaburi. Hakujua kuna Mnyamwezi aliyezaliwa Mikocheni, kwa wenye nacho wa Dar, utani wake ukaishia kwenye salamu, maskini ya Mungu.

"Sasa yaseme hayo mbele ya kamera," Evance akamwambia. "Mwombe Janeth ruhusa."

Janeth aliigiza mke wa tajiri. Mwanahawa akapiga magoti, akaomba.

"Na kitanda changu atatandika nani?" Janeth akajibu, wapiga picha wakaangua kicheko.

Wakarudia, eti kivuli kimeingia. Wakarudia tena, eti machozi yamewahi. Mwanahawa akavumilia, maana mtani hasusiwi, na haja yake ilikuwa moja tu: auone uso wa mama kabla hajatolewa nyumbani.

Adhana ya alasiri ilikwisha kitambo Evance alipopiga makofi. "Tumepata! Dada, umewaumbua matajiri!"

"Basi twende, mtani. Gari lipi?"

"Magari yanabeba vifaa," alisema. "Lakini pole sana, kwa kweli."

Mwanahawa akampigia kaka yake, Yunusi. Walikuwa wameshazika.

"Watu waliniulizia?"

"Watani walikuigiza," Yunusi akasema. "Mmoja alijifunga aproni, akatandika shuka ukingoni mwa kaburi, akasema, 'Nisamehe mama, siwezi kulia, wageni wangu wamelala.' Watu walicheka, Hawa. Hata mimi nilicheka."