Jina la Bakteria wa Kimisagara

"Umemlea bila dawa!" Athanasie alisema, akaubamiza mlango wa friji. "Ulitegemea nini? Amesahau!"

Profesa Lambrecht alisimama katikati ya maabara, kofia mkononi. Alikuwa ametoka Ubelgiji kuja kuomba. Kuomba! Mtu huyuhuyu aliyeondoka Kigali mwaka wa tisini na moja na kichupa cha bakteria kwenye mkoba, huku akiahidi mbingu na ardhi. Makala aliyoiandika huko kwao ilinukuliwa Paris, Dakar, Dhaka, na jina lililong'ara lilikuwa lake peke yake. Athanasie ndiye aliyempata bakteria huyo, akazichunguza jeni zake, akaonyesha kinachomfanya azicheke dawa zote. Naye aliwekwa mwishoni kabisa, kwenye shukrani, pamoja na dereva. Shukrani ya punda ni mateke, na haya alipigwa kwa Kifaransa safi.

Lakini kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Bakteria yule hubeba ukaidi wake kwenye kipande kidogo cha jeni. Asipoonjeshwa dawa mara kwa mara hukitupa, kama mtu anavyovua koti jua likiwaka. Huko Ulaya walimdekeza, na sasa anakufa kwa dawa ya kawaida kabisa. Waliokuwa wakimnukuu Profesa wameanza kuuliza maswali. Aliyebaki na ukaidi wake alikuwa pacha wake wa hapa Kigali tu, ndani ya friji iliyokuwa ikikoroma, ambako Athanasie alimlisha chakula chenye dawa hata umeme ulipokatika, hata vita viliposogea kutoka kaskazini.

"Nipe huyu wako, na safari hii jina lako litakuwa la kwanza kwenye makala," Profesa alisema kwa sauti ya upole. "Watakunukuu wewe, Athanasie."

Athanasie alilitaka hilo, tusidanganyane. Alikuwa ameandika makala zake mwenyewe, nzuri, na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuzitaja popote.

"Na bakteria ataitwa Mukunde," alisema.

Mukunde alikuwa binti wa Spéciose, muuza makaa wa Kimisagara. Alikufa kwa kuhara damu wodini, huku Athanasie akijaribu dawa baada ya dawa juu ya bakteria aliyetoka mwilini mwa mtoto, kwenye sahani zake za maabara, na zote zikigonga mwamba. "Jina lake lisipotee, Muganga," mama yake alimwomba siku ya mazishi. Athanasie akaapa, akaliandika kwenye kichupa. Kisha mzee huyu akalibandua, akabandika herufi za jina lake mwenyewe.

"Haiwezekani," Profesa alisema. "Dunia nzima inamjua kwa jina nililompa. Ukilibadilisha leo, nani atajua ni yuleyule? Wote walioninukuu watapotea, na wewe utapotea nao. Chagua: jina lako au la mtoto."

"Ati nichague?" Athanasie alimsogelea. "Umechukua maiti ya watu, ukaivika shati lako, halafu unaniambia mimi nichague?"

"Bila mashine zetu huna makala."

"Sina. Kweli sina."

"Basi utazeekea hapa na kichupa chako, na hakuna atakayejua kama uliwahi kuishi."

"Toka," Athanasie alisema. Profesa alipokawia, akamfungulia mlango.

Gari lilipoondoka aliketi akalia, si kwa huzuni bali kwa hasira, kwa sababu mzee yule alikuwa amesema kweli. Jina la kwanza! Alikuwa amelishika mkononi, akaliachia.

Jioni aliteremka Kimisagara kununua makaa. Spéciose alikuwa amechuchumaa nyuma ya gunia lake, mikono myeusi hadi viwikoni.

"Muganga, mzungu wako ameenda?"

"Ameenda."

"Na mtoto wangu? Ameenda naye?"

Athanasie aliziacha kando habari za jeni, makala na kunukuliwa.

"Hapana. Iko kwangu."

"Iko mzima?"

"Iko mzima, Mama Mukunde. Asubuhi nimemlisha."

Spéciose alijaza kopo la makaa hadi juu, akaongeza kipande kingine, kisha kingine. Kimoja kikadondoka. Akakiokota, akakipuliza vumbi, akakirudisha palepale.